Barua ya Wazi kwa Mpwa Wangu wa Mtwara: Rodri Akae Benchi, Lakini Si kwa Sababu Zako

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba, maana najua ungeanza na shikamoo. Nimeamua kukuandikia hadharani badala ya kukupigia simu kwa sababu hukumu uliyoitoa juu ya Rodri, kiungo wa Manchester City, hukuitoa faraghani. Uliitoa ndani ya banda umiza lililojaa watu pale Magomeni ya Mtwara, Jumapili ya tarehe 5 Oktoba 2025, Manchester City walipokuwa ugenini kwa Brentford, na waliokusikia wameileta hadi huku Lindi kana kwamba ni fatwa. Wanasema ulisimama dakika ya 22, Rodri alipotoka akishika paja na Nico González akaingia, ukatangaza kwamba mtu huyo amekwisha, kwamba González ndiye namba sita halali wa timu, yaani kiungo mkabaji, na kwamba siku hizi kikosi cha kocha Guardiola kinapangwa na Ballon d'Or, ile tuzo ya mchezaji bora wa dunia. Kwa desturi yetu ya kusini mjomba ana haki ya kumkemea mpwa wake pengine kuliko hata baba mzazi, nami leo naitumia haki hiyo, ingawa utashangaa kuona kwamba katika hukumu yenyewe tunakaribiana sana. Mimi pia naona Rodri hafai kuanza kila mechi msimu huu wa 2025/26. Ninachokikataa ni hoja ulizotumia kufika hapo.

Kabla hujasema kwamba nina upendeleo, kumbuka kwamba mimi ni Arsenal na wewe ndiye City. Sina faida yoyote katika kumtetea mtu ambaye timu yake ilituacha nafasi ya pili mwaka 2023, ikatuacha tena mwaka 2024 kwa pointi 91 dhidi ya 89 zetu. Labda ndiyo sababu namjua kuliko unavyomjua wewe, kwa kuwa mpinzani huhesabu kila mlango anaofungiwa, ilhali mwenye nyumba hudhani milango imejifunga yenyewe.

Hoja yako ya kwanza, ile iliyopigiwa makofi mengi, ni kwamba Rodri hafungi, hatoi pasi za mabao, na nusu ya pasi zake zinarudi nyuma au zinakwenda pembeni. Naamini mabao ndiyo yaliyokuharibu. Msimu wa 2023/24 alifunga mabao 8 katika Ligi Kuu ya Uingereza na kutoa pasi 9 za mabao, na kabla ya hapo, katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya mwaka 2023 kule Istanbul, alifunga bao pekee lililowazamisha Inter. Kuanzia hapo mashabiki wengi, wewe ukiwamo, mlianza kumpima kwa kipimo cha namba kumi, yaani kiungo mshambuliaji. Lakini hakuajiriwa kwa kazi hiyo. Alisajiliwa mwaka 2019 kutoka Atlético Madrid ili amrithi Fernandinho katika dimba la kati, na kazi ya Fernandinho ilikuwa kukata umeme: kusimama mbele ya mabeki, kuua shambulizi la kushtukiza kabla halijaitwa shambulizi, na kuupeleka mpira kwa mwenzake aliye huru bila kuchelewa. Pasi inayorudi kwa beki wa kati, wakati wapinzani sita wamejazana mbele yako, ni njia ya kuwavuta watoke mafichoni ili mpira urudi tena mbele ukipitia upande walioacha wazi. Anayeitazama pasi hiyo peke yake ataiona ya uoga, na anayeitazama pamoja na pasi mbili zinazofuata ataelewa kwa nini ilipigwa.

Tatizo ni kwamba bandani hatuoni kazi hiyo, na hapa sikulaumu wewe peke yako, kwa kuwa kamera ya televisheni hufuata mpira. Namba sita hufanya sehemu kubwa ya kazi yake mahali ambapo mpira haujafika bado, na mara nyingi hautafika kwa sababu yeye yupo hapo. Mimi nilikuwa nikija Mtwara kutazama mechi katika Uwanja wa Nangwanda Sijaona enzi za Ndanda katika Ligi Kuu, kabla haijashuka daraja mwaka 2020, na kutoka jukwaani nilikuwa naona jambo ambalo king'amuzi hakinionyeshi. Timu inaposhambulia lango la mbali, kiungo mkabaji anarudi hatua kadhaa, anageuza shingo kulia na kushoto, anamzuia beki wa pembeni asipande, kisha anakwenda kusimama karibu na mshambuliaji wa wageni aliyebaki juu akisubiri mpira mrefu. Mpira ukipotea, mshambuliaji huyo hapewi, kwa kuwa mwenye mpira anainua kichwa na kuona amebanwa. Katika luninga unachokiona ni wageni wakipiga mpira pembeni, basi. Bibi yako alipokuwa akilala dunguni kulinda mpunga, hakuna aliyehesabu nguruwe pori ambao hawakuingia shambani, lakini mwaka ambao dungu lilikaa tupu kila mtu alijua.

Na dungu la City lilikaa tupu kuanzia tarehe 22 Septemba 2024. Siku hiyo, katika mechi yetu nanyi iliyokwisha kwa sare ya 2-2 pale Etihad, Rodri alichanika kano ya mbele ya goti. Kabla ya hapo City walikuwa wametwaa ubingwa wa ligi mara nne mfululizo, na yeye binafsi alikuwa amecheza mechi 74 za klabu bila kupoteza hata moja, hadi Manchester United walipoukata mnyororo huo katika fainali ya Kombe la FA mwezi Mei 2024. (Ndani ya mnyororo huo imo Ngao ya Jamii ya Agosti 2023 tuliyowafunga kwa penalti, ambayo wahesabu takwimu wanaiita sare; mimi siiiti hivyo.) Alipoondoka, mlipoteza mechi tano mfululizo katika mashindano yote, ya mwisho ikiwa ile ya Tottenham waliokuja kwenu wakawapiga 4-0. Siku tatu baadaye mkaongoza Feyenoord 3-0 hadi dakika ya 75, na mechi ikaisha 3-3. Msimu ulipofungwa mlikuwa nafasi ya tatu kwa pointi 71, na mabao mliyofungwa katika ligi yalikuwa 44, kutoka 34 ya msimu uliotangulia.

Sitakudanganya kwamba yote hayo yalitokana na goti la mtu mmoja. Mabeki wenu kadhaa nao waliumia msimu huo, na timu yenyewe ilikuwa imeanza kuzeeka, wakina Kyle Walker na İlkay Gündoğan wakiwa hawakimbii tena kama zamani. Hata hivyo, kumbuka namna mabao yale yalivyokuja, kwa kuwa tulikaa benchi moja bandani ukiwa umejishika kichwa: mpira unapotea katikati, mpinzani anapiga hatua ishirini bila kuguswa, mabeki wanarudi wakitazama lango lao wenyewe. Mateo Kovačić, aliyesimama mahali pa Rodri, ni fundi wa mpira, lakini alikuwa akifika mahali palepale sekunde moja baada ya tukio.

Guardiola mwenyewe aliwahi kulipia somo hili kwa bei kubwa. Katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya mwaka 2021, pale Porto nchini Ureno, alianza bila Rodri na bila Fernandinho, akamweka Gündoğan mbele ya mabeki, na Chelsea wakashinda 1-0 kwa bao la Kai Havertz. Real Madrid nao walimwachia kiungo mkabaji wao, Claude Makélélé, aende Chelsea mwaka 2003, muda mfupi baada ya kutwaa ubingwa wa Hispania, wakamsajili David Beckham kiangazi hichohicho, kisha wakakaa hadi mwaka 2007 ndipo wakaupata ubingwa mwingine. Sihitaji kuongeza mfano wa tatu.

Sasa tuje kwenye neno lako "amekwisha", ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Umechanganya mambo mawili ambayo kocha yeyote, hata wa timu ya kata, anapaswa kuyatenganisha: kiwango cha mchezaji na utimamu wa mwili wake. Kiwango ni kujua asimame wapi, amwone nani, apige pasi ipi na kwa kasi gani. Mtu wa miaka 29 hapotezi hayo kwa kukaa nje miezi minane. Utimamu ni jambo jingine kabisa. Kano ya goti ikishonwa upya, misuli ya paja hunyauka kwa muda ambao mguu haufanyi kazi, na hata mgonjwa akirudi uwanjani, mguu mmoja huendelea kuuonea huruma mwenzake bila yeye kujua, mzigo ukahamia kwenye misuli ya nyuma ya paja na nyonga. Ndiyo maana wengi wanaorudi kutoka jeraha hili hupatwa na maumivu madogomadogo mahali pengine kabisa.

Pitia mwenendo wa mwili wake uone. Julai 2024, fainali ya Euro kule Berlin, alitoka wakati wa mapumziko kwa sababu ya msuli, Hispania wakashinda bila yeye na akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Septemba mwaka huohuo, siku chache kabla goti halijachanika, aliwaambia waandishi wa habari kwamba wachezaji wanakaribia kugoma kwa wingi wa mechi. Oktoba akapokea Ballon d'Or akiwa anatembelea magongo. Mei 2025 akarudi kwa dakika chache dhidi ya Bournemouth, kisha mwishoni mwa Juni, katika Kombe la Dunia la Klabu kule Marekani, akaingia dhidi ya Al Hilal na kutolewa tena akilalamika maumivu, City wakafungwa 4-3 katika muda wa nyongeza. Mwisho wa Agosti alianza dhidi ya Brighton, mkapoteza 2-1, na baada ya mechi akasema mwenyewe kwamba yeye si Messi wa kurudi leo na kuifanya timu ishinde kila siku. Halafu ikaja Brentford. Mimi katika orodha hiyo simwoni mchezaji aliyekwisha. Namwona mchezaji anayerudishwa kazini kabla hajapona sawasawa, kwa kuwa timu haijui kuishi bila yeye.

Ndiyo maana nasema akae benchi. Ningekuwa na sauti pale, atakapopona paja hilo ningempa dakika 30 za mwisho kwa wiki kadhaa, kisha mechi moja kwa wiki, tena zile ambazo wapinzani hawakimbizani sana, na za katikati ya wiki ningemwachia González hata kama matokeo yatayumba. González, aliyesajiliwa kutoka Porto mwezi Februari 2025, ana nguvu katika kugombea mpira na hupenda kuupeleka mbele kwa miguu yake mwenyewe. Ni mchezaji mzuri, lakini akipanda nao huacha nyuma yake uwanja mtupu, na katika hilo bado hamjapata jibu. Kusema kwamba tuzo ndiyo inayompanga Rodri ni kumkosea heshima Guardiola, ambaye amewaweka benchi watu wenye majina makubwa kuliko wote tunaowajadili hapa.

Nimesikia pia, na huenda hukutaka nisikie, kwamba katika timu yenu ya vijana hapo mtaani umemtoa namba sita wako, yule kijana mwembamba asiye na maneno, ukamweka anayepiga chenga, na sababu uliyompa ni ileile ya Rodri: anapiga pasi fupi na hafungi. Kijana huyo hajaumia goti wala hajacheza mechi nyingi kupita kiasi. Kwake yeye hata ile sababu moja ninayokubaliana nawe haipo.

Nitakuja Mtwara Jumamosi ya wiki ijayo. Naomba katika mechi yenu ya mazoezi kijana huyo acheze kipindi cha kwanza na yule mwingine acheze cha pili, wapinzani wakiwa walewale. Mimi na wewe tusitazame mpira. Tuhesabu tu ni mara ngapi wapinzani wanapokea pasi katikati ya dimba wakiwa wamegeukia lango letu na hakuna mtu mbele yao ila mabeki. Uandike wewe mwenyewe kwenye daftari lako, nisije nikaambiwa nimechakachua. Hesabu ikikuunga mkono wewe, kijana abaki benchi nami sitalisema tena jambo hili. Kiingilio cha banda jioni hiyo nitalipa mimi kwa vyovyote vile.

Msalimie dada yangu.

Mjomba wako,
Lindi