Nani Atamleta Mlalamikiwa? Barua ya Wazi kwa Vijana Wanaoanzisha Kampuni za Kutatua Migogoro Mtandaoni

Wanangu,

Kadhaa wenu mmenijia kwa nyakati tofauti mkiwa na michoro ya programu zenu, mkaniomba niitazame kwa jicho la mtu aliyekaa miaka mingi katikati ya wadaawa, yaani pande mbili zenye shauri. Nimeona kazi nzuri: mahali pa kuandika lalamiko, pa kupakia risiti na picha, pa kuweka pendekezo la malipo, na kitufe cha kukubali. Kila mmoja wenu nilimwuliza swali moja, na kwa kuwa majibu yalikuwa ya kusitasita nimeona ni vyema niliandike hapa mbele ya wote. Mlalamikaji ataingia mwenyewe, kwa sababu ana uchungu na anatafuta haki yake. Yule anayelalamikiwa nani atamleta, na akishafika atabaki kwa sababu gani?

Sikuuliza ili niwavunje moyo. Nimeuliza kwa sababu historia fupi ya kazi hii, tangu ilipoanza katika miaka ya 1990, imejaa majengo mazuri yaliyokaa matupu kwa kukosa jibu la swali hilo. Mwaka 1996 nchini Marekani ulianzishwa mradi ulioitwa Virtual Magistrate, uliokusudiwa kuamua kwa barua pepe malalamiko yaliyohusu mambo yanayochapishwa kwenye intaneti. Wataalamu walikuwapo, utaratibu ulikuwapo, lakini mradi huo umebaki kukumbukwa kwa kuamua shauri moja tu. Miaka ishirini baadaye Umoja wa Ulaya ulifungua jukwaa lake kwa ajili ya wanunuzi na wauzaji, likiwa na sheria kamili nyuma yake, na wauzaji wa mtandaoni wakalazimishwa kuweka kiungo cha jukwaa hilo kwenye tovuti zao. Hata hivyo muuzaji hakulazimishwa kushiriki. Lalamiko lilipelekwa kwake, na kama pande mbili hazikukubaliana ndani ya siku 30 juu ya chombo cha kuwasikiliza, faili lilijifunga lenyewe. Sehemu kubwa ya mafaili ilijifunga hivyo, na tarehe 20 Julai 2025 jukwaa lenyewe likafungwa.

Linganisheni na yale yaliyofanikiwa. Mwaka 1999 kampuni ya eBay, yenye soko la mtandaoni, ilikubali jaribio dogo lililosimamiwa na kituo cha Chuo Kikuu cha Massachusetts chini ya Profesa Ethan Katsh, ambapo mpatanishi alishughulikia kwa barua pepe malalamiko yapatayo 200 katika muda wa wiki chache. Kutokana na mbegu hiyo kampuni hiyo ilikuja kujenga mfumo uliotajwa kushughulikia migogoro zaidi ya milioni 60 kwa mwaka, mingi yake ikimalizika bila binadamu wa tatu kuingilia. Wengi wanaosimulia habari hiyo husifu programu. Mimi naomba mtazame mazingira: muuzaji alikuwa na sifa yake mbele ya wanunuzi wote wa soko lile, na alama mbaya moja ilimgharimu, tena malipo yenyewe mara nyingi yalipitia mikononi mwa kampuni dada iliyoweza kuyarudisha. Mlalamikiwa alijibu haraka kwa sababu kunyamaza kulimletea hasara kubwa kuliko kujibu. Katika jimbo la British Columbia, Kanada, baraza la kutatua madai ya kiraia lililoanza kupokea mashauri mwaka 2016, kwanza ya wamiliki wa majengo ya pamoja na mwaka uliofuata madai madogo yasiyozidi dola 5,000, lilipata nguvu kwa njia nyingine: bunge lilitunga sheria, na amri ya baraza hilo hukaziwa, yaani hutekelezwa kwa nguvu ya sheria, kama hukumu ya mahakama.

Kwa hiyo kabla hamjaajiri mwandishi wa programu wa pili, tafuteni ni kamba gani iliyopo tayari baina ya watu mnaotaka kuwahudumia. Inaweza kuwa fedha iliyozuiliwa mahali, kifungu kilichomo katika mkataba wao, uanachama wa chama ambacho hakuna anayetaka kufukuzwa humo, sheria, au uhusiano ambao wote wawili wanataka uendelee, kama ule wa mwenye nyumba na mpangaji ambaye bado anaishi humo. Pasipo na kamba yoyote, programu yenu haitaweza kuisokota. Hii ndiyo sababu nawasihi mwanze na aina moja tu ya mgogoro, mnayoifahamu mpaka ndani, badala ya kutangaza kwamba mtatatua migogoro yote ya kila mtu. Mgogoro wa mzigo uliofika umeharibika una maswali yake, ushahidi wake na mwisho wake. Mgogoro wa mshahara una mengine kabisa. Mkijua aina moja vizuri, mtaweza kuuliza maswali mafupi yenye majibu ya kuchagua badala ya kumpa mtu aliyekasirika ukurasa mtupu aujaze hasira. Maswali yaliyopangwa vizuri hupoza shauri kabla upande wa pili haujalisoma, na katika hilo kompyuta inanishinda mimi niliyekuwa nikisikiliza matusi yote kwanza ndipo nitafute jambo lenyewe.

Sasa niseme juu ya wito, maana hapa nina kovu langu. Zamani nilitoa tuzo, yaani uamuzi wa msuluhishi, katika shauri lililosikilizwa upande mmoja. Mlalamikiwa hakuwa amejibu ujumbe wowote, nami nikahesabu kimya chake kuwa ni dharau. Baadaye alipofikiwa na ofisa wa kukazia tuzo ndipo ilipojulikana kwamba anwani ya barua pepe tuliyokuwa tukiitumia ilijazwa na mlalamikaji mwenyewe, na mwenye anwani alikuwa ameacha kuitumia muda mrefu. Mahakama ilitengua tuzo ile, na ilikuwa na haki ya kuitengua. Mtu yule alikuwa amehukumiwa bila kujua kwamba ana kesi, na aliyemhukumu ni mimi. Mkataba wa New York wa mwaka 1958, ambao ndio unaobeba tuzo za usuluhishi kutoka nchi moja hadi nyingine, unairuhusu mahakama katika kifungu chake cha tano kukataa kutekeleza tuzo ikiwa aliyeshindwa hakupewa taarifa ipasavyo au hakuweza kujieleza. Sheria za usuluhishi za nchi nyingi zimefuata mkondo huohuo. Jueni basi kwamba neno “imetumwa” linaloandikwa na mfumo wenu halithibitishi kuwa mtu amepokea. Tumieni njia zaidi ya moja, wekeni kumbukumbu ya kila jaribio na saa yake, na pale ambapo hakuna dalili yoyote kwamba mlalamikiwa amesoma, simamisheni shauri hata kama mteja wenu anawahimiza.

Vilevile andikeni wito wenyewe kwa lugha ya kumheshimu aliyeitwa. Siku hizi mtu akipata ujumbe kutoka kwa kampuni asiyoijua, unaomwambia abonyeze kiungo kwa sababu anadaiwa, mwenye akili timamu huufuta kwa kudhani ni matapeli. Mwelezeni ninyi ni nani, nani amelalamika na kwa jambo gani, ana haki gani, akikataa kushiriki kitatokea nini kwa kweli na kipi hakitatokea, na namna ya kuhakikisha uhalali wenu bila kupitia kiungo hicho. Msimtishe kwa nguvu msizokuwa nazo. Kampuni ya binafsi inayovaa sura ya mahakama, yenye nembo ya mizani na maneno kama “unaamriwa kufika”, inamdanganya mtu, na katika nchi nyingi inajitafutia kesi yake yenyewe.

Jambo la ada ndilo linalonisumbua kuliko yote, na nitakaa nalo kidogo. Wawekezaji watawaambia kwamba mlalamikaji mmojammoja hana fedha, kwamba mtafute makampuni makubwa yenye maelfu ya migogoro, yawalipe kwa mwaka. Kihesabu wako sahihi. Lakini kampuni kubwa itakuja kwenu mara elfu moja, na mtu aliye upande wa pili atakuja mara moja tu maishani mwake. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mwaka 2009 taasisi moja kubwa ya usuluhishi huko Marekani ililazimika kuacha kabisa mashauri ya madeni ya wateja wa kawaida baada ya mwanasheria mkuu wa jimbo la Minnesota kuishtaki kwamba ilikuwa na uhusiano wa siri na sekta ya ukusanyaji madeni. Sidhani kama waliojenga taasisi ile walikaa siku moja wakapanga kuwa waovu. Waliweka chanzo kimoja cha mapato, kisha chanzo hicho kikaanza kufikiri badala yao.

Nami niliwahi kuitwa kupatanisha mama mmoja na kampuni iliyomkopesha. Tulipokaa, kabla sijamaliza utangulizi wangu aliniuliza, “Wewe unalipwa na nani?” Nilimjibu kweli, kwamba ada zote katika mashauri ya namna ile zililipwa na mkopeshaji kwa mkataba. Hakusema tena neno la maana. Alitia saini kila alichowekewa mbele yake, na makubaliano yale hayakudumu hata kidogo, kwa sababu hayakuwa yake. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba swali la mama yule ndilo mtihani wa kila kampuni ya aina yenu. Kama fedha lazima zitoke upande mmoja, basi semeni wazi katika ukurasa wa kwanza. Mpatanishi au msuluhishi achaguliwe kwa zamu au kwa ridhaa ya wote wawili, asichaguliwe na mlipaji. Malipo yake yasitegemee nani ameshinda wala shauri limefungwa kwa haraka kiasi gani. Na takwimu za matokeo zichapishwe ili mtu wa nje aone ni mara ngapi mlipaji ameshinda. Mteja mkubwa akikataa masharti hayo, mmekwisha kujua alikuwa anataka kununua nini.

Kuna kosa jingine ambalo katika chumba cha kawaida halitokei kirahisi lakini kwenye kompyuta hutokea bila mtu kukusudia. Mara nyingi mnaunganisha hatua tatu: wadaawa kujadiliana wenyewe, kisha upatanishi ambapo mtu wa tatu huwasaidia wafikie makubaliano yao, na mwisho usuluhishi wa kutoa tuzo. Mpangilio huo ni mzuri, na unafanana na ule uliomo katika maelezo ya kitaalamu yaliyotolewa mwaka 2016 na Tume ya Umoja wa Mataifa ya Sheria ya Biashara ya Kimataifa. Lakini katika upatanishi mtu husema, “Niko tayari kulipa nusu ili yaishe.” Msuluhishi akiyaona maneno hayo kwenye faili lilelile, hawezi tena kuyasahau, na aliyeyasema ameadhibiwa kwa kutafuta amani. Jengeni ukuta kati ya vyumba hivi tangu msingi wa programu, wala msitegemee ahadi ya mtu kwamba hatafungua ukurasa wa nyuma.

Kuhusu akili mnemba nitasema machache, maana naona imewashika sana. Ifanyeni ifupishe nyaraka, itafsiri, ipange ushahidi kwa tarehe, imsaidie asiyejua kuandika aeleze shauri lake. Ikifika mahali pa kuamua au kupendekeza nani ana haki, wadaawa wote wajue na wakubali, na pawe na binadamu anayeweza kuulizwa sababu na kuzitoa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 imeziweka programu za namna hiyo, hata katika utatuzi wa nje ya mahakama, miongoni mwa zile zenye hatari kubwa.

Msisahau pia siku ambayo kampuni yenu inaweza kufa. Uholanzi ilikuwa na Rechtwijzer, jukwaa lililosifiwa duniani kote kwa kuwasaidia wanandoa wanaotengana kupanga malezi ya watoto na mgawanyo wa mali, likiungwa mkono na bodi ya msaada wa kisheria ya nchi hiyo. Mwaka 2017 lilisimama kwa kuwa halikuweza kujiendesha kifedha. Wenzetu wale walikuwa watu makini, na kazi yao iliendelezwa na wengine. Jiulizeni ninyi: mkifunga milango leo, aliyeahidiwa kulipwa kwa mafungu kumi na mawili ataipata wapi hati yake? Nani atakayeharibu maungamo ya siri yaliyobaki kwenye kompyuta zenu, ili yasiuzwe pamoja na meza na viti? Andikeni majibu hayo katika masharti yenu sasa, mkiwa bado na fedha na marafiki.

Hesabu mtakayowaonyesha wawekezaji isiwe ya mashauri yaliyofungwa, kwa sababu shauri hufungwa hata mtu akikata tamaa. Wapigieni simu wadaawa miezi sita baadaye, hasa walioshindwa, mkaulize kama walichokubali kimetekelezwa na kama wangekubali kuitwa tena mbele yenu.

Mkishaandika ule ujumbe wa kwanza wa kumwita mlalamikiwa, nitumieni. Nitausoma kama vile aliyelalamikiwa ni mimi, nami nitawajibu kwa maandishi kama ningefika au nisingefika.

Mzee wenu,
Mpatanishi mstaafu