Mwanangu, kabla hujapanda meza ya upasuaji

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa kutaka kupasuliwa pua, pamoja na picha ya mwigizaji unayetaka kufanana naye, nimeusoma, nikalala nao kwanza ndipo nikashika kalamu. Sikukatazi. Wewe ni mtu mzima na fedha umezitafuta mwenyewe. Ila mama yako ni nesi wa wodi ya upasuaji, na sitaki uende Kampala ukijua bei tu.

Unataka mgongo wa pua uinuke. Hapo daktari haondoi kitu, anaongeza. Gegedu, ule mfupa laini, hulitoa kwenye ukuta wa ndani ya pua, kwenye sikio au ubavuni. Sasa kumbuka sikio lako lilivyoota kovu nene ulipotobolewa. Hilo mwambie siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya kuzungumzia picha, maana kila atakapokata ngozi panaweza kuota lingine.

Utapewa nusu kaputi, kwa hiyo upasuaji wenyewe hutausikia. Kinachowatisha watu ni kuamka. Pua imevimba kwa ndani, hewa haipiti, na nimewashika mikono wagonjwa waliodhani wanakata roho. Pumua kwa mdomo, polepole. Shashi iliyobandikwa chini ya pua italoa damu kidogo. Hiyo ni kawaida. Ikiteremka kooni bila kukoma, piga simu saa hiyohiyo. Macho yatavimba na kuvilia damu. Utalala chali, kichwa juu ya mito, hutapenga kamasi, na chafya ikija fungua mdomo. Muwa na mahindi ya kuchoma acha kwanza, kula uji na matooke laini. Boda boda ndiyo sitaki hata kuisikia.

Baada ya wiki hivi watakubandua lile gamba gumu la juu ya pua, utajitazama kwenye kioo, na huenda moyo ukakupasuka. Pua ya siku hiyo bado imejaa maji. Uvimbe mwingi hushuka kwa wiki chache, lakini wa kwenye ncha hukaa hata mwaka mzima, na ngozi nene kama yetu huchelewa zaidi. Ndiyo maana daktari makini hakubali kurudia kazi kabla ya mwaka kupita. Na wapo wanaorudi kweli: pua imepinda, au inapendeza lakini haipitishi hewa vizuri. Muulize kuhusu pumzi kuliko unavyomuuliza kuhusu umbo.

Ile picha ya mwigizaji, mwanangu, iliniuma. Pua yake imefunikwa na ngozi nyembamba, yako siyo. Daktari atakayekuahidi ile ile hajakutazama uso.

Wenye kazi hii tunao. Hospitali ya Kiruddu pale Kampala kuna kitengo cha upasuaji wa plastiki, na hospitali ya CoRSU pale Kisubi wanaifanya pia. Popote utakapokwenda, hakikisha jina la daktari limo katika orodha ya baraza linalosajili madaktari wa Uganda. Sindano za saluni za kujaza pua usizikubali hata za bure: dawa ikiingia kwenye mshipa wa damu, ngozi huoza, na jicho linaweza kupofuka.

Wiki mbili kabla, usimeze aspirini wala ibuprofeni, zinazidisha kutoka damu. Nitumie tarehe mapema nikate tiketi ya basi kutoka Arua. Usiku wa kwanza nitalala chumbani kwako.

Mama yako