YAH: MALALAMIKO KUHUSU VALVU YA SHAWA MLIYOIHARIBU NA SPINDELI MLIYOITUPA

Meneja wa Tawi,
Kigoma.

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Masharti ya dhamana yenu mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitayarudia.

Fundi wenu aliambiwa mlangoni kabla hajafungua mkoba: shawa inadondosha maji hata vishikio vyote viwili vikiwa vimefungwa. Ukifunga geti valvu (koki ya kufungia bomba) ya maji ya moto, matone yanakoma. Ukifunga ya baridi, yanaendelea. Basi ubovu uko upande wa moto. Na kwa kuwa kishikio kinakwenda mizunguko mitatu ndipo kifunge, ndani kuna washa ya mpira, kile kipande kinachoziba maji. Spindeli, yaani kijiti cha ndani kinachozungushwa na kishikio, ikiwa ya visahani vya kauri hufunga kwa robo mzunguko tu. Kama maji yangetokea shingoni mwa kishikio shawa ikiwa wazi, hapo tungezungumzia oringi, ile pete ya mpira ya shingoni.

Kazi ilikuwa funga maji, achia yaliyobaki kwenye bomba, toa skrubu iliyo chini ya kifuniko cha kishikio, fungua spindeli kwa spana, weka washa mpya ya nusu inchi. Kabla ya kurudisha, pitisha kidole kwenye kiti cha washa, pale washa inapokalia ndani ya valvu. Kiti kikiwa na mikwaruzo kinasagwa, la sivyo washa mpya italiwa upesi kama ya zamani. Washa moja ni shilingi 500.

Yeye akavunja marumaru nne.

Kisha akafunga spindeli mbili za kauri, zote za mkono mmoja, yaani za kuzungukia upande mmoja, kwa hiyo upande wa moto sasa unafunguka kinyume. Kichwani, pale kishikio kinapovaa, zina meno 24, vishikio vina meno 20. Amevikaza kwa nguvu na vinateleza. Wala hakuachia maji kwanza yatoe vumbi la saruji aliloliangusha mwenyewe ndani ya bomba. Chembe moja ikiingia kati ya visahani vya kauri inavikwaruza, na hapo hakuna washa ya kubadilisha. Siku ya nne ikaanza kuvuja tena, safari hii pande zote mbili.

Nikaja kaunta na spindeli ya zamani. Kijana wenu akaigeuza mara moja, akacheka: "Mzee, kama unajua sana si ungetengeneza mwenyewe?"

Na kabla fundi hajaja, kijana huyo huyo alisema kwa simu kwamba washa zipo dukani! Zilikuwepo siku zote.

Narudia la kaunta, isije ikasemwa nilisikia vibaya. Hakuna shikamoo, hakuna karibu. Niliweka spindeli mezani, nikaomba ipimwe. Akasema maneno yale mbele ya wateja wengine, wakacheka naye, kisha akaitupa kwenye ndoo ya takataka. Nilipoomba nirudishiwe, ndoo ilikuwa imeshamwagwa. Valvu ya zamani namna ile haina jina wala namba. Spindeli ndiyo jina lake: urefu, meno, nyuzi. Hata nikimwagiza mtu Kariakoo, atashika nini mkononi?

Nilikuja nikitaka washa mbili tu. Sasa nataka shilingi 38,000 za spindeli zenu, marumaru nne za rangi ile ile zikiwa zimeshabandikwa, na valvu inayofunga. Nataka pia kijana huyo aombe radhi pale pale kaunta, wateja wakiwepo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kifae kazi ambayo muuzaji ameelezwa, nanyi mlielezwa mara mbili. Nawapa siku 7. Ya 8, barua hii na picha zote zinakwenda Tume ya Ushindani, na fidia ya maji yaliyomwagika itaongezwa humo.

Mtakayemtuma aje na bisibisi, spana na washa. Patasi aiache dukani.

Mteja wenu,
Mwanga, Kigoma