Alima na lile dirisha la kimiani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Wiki iliyopita makala yenu kuhusu harusi za Misri iliwataja "maalima, yaani wanenguaji". Nilipofika kwenye hiyo "yaani" chai ilinipalia.

Alima kwa Kiarabu ni mwanamke mwenye elimu. Wakiwa wengi ni awalim. Mzizi wake ndio huo huo uliotupa elimu, taaluma, maulamaa, na hata mwalimu, jina nililoitwa miaka 31 nikishika chaki. Sasa kama alima ni mnenguaji, mimi nilikuwa nani?

Cairo ya zamani, alima aliitwa kwenye nyumba za matajiri kuwaimbia wanawake. Mwingereza Edward Lane, katika kitabu chake cha 1836 kuhusu maisha ya Wamisri, anasema waimbaji hao walikaa nyuma ya dirisha la kimiani, wanaume wako chini uani: sauti wanaipata, sura hawaioni. Waliocheza barabarani uso wazi walikuwa watu wengine, ghawazi. Lane mwenyewe alilalamika kwamba wageni wanawavisha wachezaji jina la alima. Kumbe kosa lenu lina umri mkubwa.

Mwaka 1834 Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alipiga marufuku wanawake kucheza hadharani Cairo, wachezaji wakahamishiwa kusini: Qena, Esna, Aswan. Wazungu waliopanda Mto Nile waliwakuta huko, wakawaita alima wote. Mfaransa Jean-Léon Gérôme akamalizia kazi mwaka 1863: alichora mchezaji tumbo nje, askari wameketi wanamkodolea macho, na picha ikajulikana kuwa ni ya alima. Siku hizi hata Misri kwenyewe neno limeshuka. Ukimwita mwanamke hivyo, usitarajie shukrani.

Mnenguaji wetu sina ugomvi naye. Jina lake limetoka kwenye kunengua, kuchezesha kiuno, na akipanda jukwaani hicho ndicho anachokifanya. Hakuna aliyedanganywa.

Najua mtaniambia lugha hubadilika. Sawa, lakini basi andikeni "wachezaji", inatosha. Na mkiona lazima muweke alima, ongezeni japo mstari mmoja juu ya lile dirisha.

Mwalimu mstaafu,
Tanga