Paka anayekojoa ndani asitiwe guniani kabla ya kupimwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache juu ya mnyama ambaye hapa Tanga yumo karibu kila nyumba, ambaye aghalabu hatumnunui wala hatumchanji, na ambaye tukimchoka tunamtia guniani usiku na kwenda kumfungulia sokoni kwa wauza samaki, huku tukijifariji kwamba pale hatakufa njaa. Wahenga waliosema paka wa nyumba haingwa nadhani hawakulifikiria gunia. Katika mtaa wetu wa Ngamiani nimeshuhudia paka wengi wakiondolewa kwa njia hiyo, na kosa linalowaponza kuliko mengine yote ni kukojoa ndani. Hoja yangu ni kwamba mara nyingi kosa hilo si utovu wa adabu, bali ni ugonjwa au ni tabia ya kimaumbile yenye dawa yake, na kwamba sisi wenye paka, pamoja na wauza dawa tunaowakimbilia, hatujajifunza kutofautisha.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita tulikuwa na paka dume wa rangi ya majivu, tuliyemwita Msafiri, mnene, mwenye umri wa miaka mitano hivi, ambaye siku zote alitoka kwa dirisha la jikoni na kumaliza haja zake kwenye mchanga wa uani. Asubuhi moja alichuchumaa ndani ya ungo wa mchele uliokuwa ukingoja kupepetwa, akajikamua kwa muda mrefu, kisha akaondoka bila kuacha kitu. Mke wangu alimsindikiza kwa ufagio wa chelewa. Haikupita nusu saa akachuchumaa tena, safari hii juu ya kanga zilizokwisha kukunjwa, akaacha tone moja tu lenye wekundu wa mbali, kama maji ya rozela yaliyozimuliwa. Tulikubaliana nyumba nzima kwamba anatukomoa, kwa kuwa wiki ile tulikuwa na wageni na alikuwa amehamishwa chumba alichozoea kulala. Siku ya pili alijificha uvunguni, akawa analia kwa sauti nzito isiyo yake na kujilamba sehemu za chini bila kupumzika, na nilipompapasa tumbo nilikuta donge gumu la ukubwa wa chungwa. Nilikwenda duka la dawa lililo karibu, kijana wa zamu akaniambia nimpe nusu kidonge cha parasetamoli kutuliza maumivu. Nilikisaga, nikakikoroga katika mchuzi wa samaki, nikamnywesha kwa bomba la sindano, nikajiona nimefanya jambo la maana. Alfajiri iliyofuata fizi zake zilikuwa zimegeuka rangi ya kahawa, uso umemvimba, na kabla jua halijachomoza alikuwa amekufa.

Daktari wa mifugo niliyemsimulia mkasa huu baadaye alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba Msafiri alikuwa na vifo viwili mkononi, na kila kimoja kingemtosha. Cha kwanza ni kuziba kwa njia ya mkojo. Njia hiyo kwa paka dume ni nyembamba mno, hasa inapokaribia nje, hivyo chembechembe zinazofanana na mchanga zikichanganyika na ute huweza kuiziba kabisa. Mkojo ukikosa pa kutokea hurudisha shinikizo kwenye figo, figo zikashindwa kuchuja, potasiamu ikapanda ndani ya damu na moyo ukasimama. Yote hayo huweza kutokea katika muda wa siku moja hadi mbili tangu njia izibe. Jike njia yake ni pana zaidi, kwa hiyo ni nadra kuziba namna hiyo, ingawa naye hupata maumivu ya kibofu na hukojoa ovyo kwa sababu hiyo. Dume anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa kitu ni mgonjwa wa dharura, naye anahitaji kulazwa usingizi na daktari, kupitishiwa mpira mwembamba wa kuzibua na kutundikiwa dripu. Hakuna dawa ya mitishamba wala kidonge cha dukani kitakachofanya kazi hiyo, na kulikamua tumbo lake kwa mikono kunaweza kukipasua kibofu.

Kifo cha pili ni kidonge chenyewe. Ini la paka lina upungufu wa kimeng'enya ambacho mwili wa mwanadamu hukitumia kuitoa parasetamoli, hivyo dawa hugeuka sumu inayoziharibu chembe nyekundu za damu zikashindwa kubeba oksijeni. Ndiyo maana fizi hubadilika rangi. Kidonge cha miligramu 500 kimetengenezwa kwa ajili ya mtu mzima wa kilo 60 au 70, ilhali paka wa kawaida ana kilo nne, na hata akipewa nusu yake anaweza kufa. Asipewe pia dawa nyingine za maumivu kama ibuprofeni wala diklofenaki. Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu tangu wakati huo nimeuliza watu wengi, na wengi waliwahi kumpa paka kidonge cha maumivu wakiamini kwamba dawa ya mtoto haiwezi kumdhuru mnyama.

Sasa si kila mkojo ndani ya nyumba ni ugonjwa, na hapa ndipo macho yanapohitajika. Paka mgonjwa huchuchumaa na kutoa kidogo kidogo. Shume anayeweka mipaka ya himaya yake hafanyi hivyo: husimama wima, akageuza mgongo kwenye ukuta au pazia, mkia ukainuka na kutetemeka, kisha akarusha mkojo nyuma yake kwa usawa wa goti la mtu, na harufu yake haitoki hata ukifua mara tatu. Huyo si mgonjwa wala si mkorofi, anawaandikia barua madume wenzake. Ukimchapa atakwenda kuandika chumba kingine. Dawa yake ni kumhasi, na inafaa ifanywe mapema, akiwa na umri wa miezi mitano au sita, kabla tabia haijakomaa. Wanaohasiwa, takriban tisa katika kumi, huacha au hupunguza sana. Wapo wanaonipinga kwamba kuhasi ni ukatili. Nami huwauliza kama kumtupa sokoni akapigane na mashume kumi wenye majipu na upele ndiyo huruma.

Yupo pia paka asiye mgonjwa wala shume, anayekataa tu mahali alipotengewa. Walio katika nyumba za kupanga za ghorofani, ambako hakuna mchanga wa uani, huweka beseni la mchanga kisha wakasahau kulisafisha kwa siku tatu, au wakaliweka kando ya jenereta, au wakawaachia paka watatu walitumie mmoja akiwavizia wenzake. Kanuni ya madaktari ni beseni moja kwa kila paka na moja la ziada, na kinyesi kiondolewe kila siku. Pale alipokwisha kukojoa pasafishwe kwa sabuni ya kawaida, kisha papitishwe siki, kwa maana harufu ikibaki atarudi palepale. Zile dawa za kuoshea sakafu ambazo zikitiwa majini hugeuka nyeupe kama maziwa zisitumike anapokanyaga, kwa sababu nyingi zina kemikali ambazo ini lake lilelile haliziwezi, naye huzila anapolamba miguu yake.

Kuhusu chakula, nitasema yale yanayohusiana na mkojo na machache mengine. Paka wetu wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa nchi kame za Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, ambaye sehemu kubwa ya maji yake aliyapata katika nyama ya mawindo, kwa hiyo kiu yake ni ndogo kwa asili. Wanaowalisha paka zile punje kavu za madukani wawazoeze maji kwa kuweka bakuli mbili au tatu mbali na chakula, na kwa kuwarowekea punje hizo. Mchuzi unafaa, mradi usiwe na chumvi wala vitunguu, maana kitunguu nacho huharibu damu ya paka. Dagaa wachemshwe, kwa kuwa samaki wabichi wa aina kadhaa wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na paka anayelishwa hao tu kwa wiki nyingi huinamisha shingo, akayumba na hatimaye akapatwa na degedege, jambo ambalo mitaani huitwa kurogwa. Maini yawe ya mara mojamoja. Maziwa ya ng'ombe, ambayo sote tumelelewa tukiamini ndiyo chakula chake, huwaharisha paka wengi wakubwa. Na ugali mtupu haumtoshi hata ukilowa mchuzi, kwani bila nyama au samaki hukosa taurini, kirutubisho kinachopatikana humo, na moyo wake hudhoofika pamoja na macho.

Kosa la pili linalowatia guniani ni kuparura makochi. Hili kwetu Tanga halipaswi kuwa tatizo hata kidogo. Paka huparura ili kuvua ganda la nje la kucha, kunyoosha misuli na kuacha harufu kutoka kwenye nyayo zake, na hawezi kufundishwa kuacha, ila anaweza kupewa mahali pake. Nilichukua gogo la mwarobaini lenye kimo cha kiuno, nikalizungushia kamba ya katani kuanzia chini hadi juu na kulipigilia kwenye ubao mzito usioyumba, kisha nikalisimamisha palepale alipokuwa akiparura, si pembeni uani. Jike tuliye naye sasa, Tunu, alilinusa siku mbili, siku ya tatu akalikumbatia. Mkoa uliopokea miche ya mkonge tangu mwaka 1893 hauna sababu ya kumfukuza paka kwa ajili ya kamba ya bei ndogo.

La tatu ni ukali wa ghafla. Paka mpole akianza kuuma anaposhikwa mahali fulani, aghalabu ana jino bovu au jipu la kuumwa na mwenziwe. Hata hivyo, ukali usioelezeka, unaoandamana na kutokwa mate na kuyumba, usichukuliwe kwa mzaha, kwa kuwa paka naye huugua na kuambukiza kichaa cha mbwa. Aliyeumwa au kuparurwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo kama tobo la sindano. Chanjo ya paka hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu. Ninaona mbwa wakipelekwa kwenye kampeni za chanjo, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, ambayo ni siku ya ugonjwa huo duniani, lakini paka huachwa nyumbani, pengine kwa sababu hawafungiki kamba. Tenga la kuku lililofunikwa kanga humbeba paka bila vita vyovyote.

Kwa wajawazito wanaoshauriwa na mama wenye nyumba wawatupe paka kwa kuogopa toksoplasma, vijidudu vya kinyesi cha paka vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, inatosha kusema kwamba vijidudu hivyo huhitaji siku moja hadi tano ndani ya kinyesi kabla ya kuweza kuambukiza. Mtu mwingine akilisafisha beseni kila siku hatari hupungua sana, na nyama isiyoiva vizuri ni ya kuogopwa zaidi.

Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na sidhani kwamba walioitunga walikusudia iishie kwa punda na ng'ombe wa minadani. Ombi langu kwa halmashauri za miji ya pwani ni dogo: zitenge siku mbili au tatu kwa mwaka ambapo paka watachanjwa na kuhasiwa kwa bei ambayo mwenye kipato cha kawaida ataimudu, na zitangaze kwa vipaza sauti kama zinavyotangaza za mbwa. Ombi la pili ni kwa wenye maduka ya dawa za binadamu, wawaambie vijana wao wasiuze dawa ya paka, wawaelekeze watu kwa daktari wa mifugo.

Nilirudi kwa yule kijana aliyenipa ushauri wa nusu kidonge. Sikwenda kugombana naye, nilimweleza tu yaliyotokea. Alinyamaza, kisha akaniambia kwamba tangu aanze kazi wateja wengi wamemuuliza swali kama langu na amekuwa akiwajibu vilevile, kwa sababu katika mafunzo yake hakuna aliyewahi kumtaja paka. Alichukua kalamu ya wino mzito, na mpaka leo kwenye kopo kubwa la parasetamoli lililo nyuma ya kaunta yake pameandikwa: PAKA HAPANA.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga.