Barua ya wazi kwa wanangu mnaobishana chuo cha nani ni bora

Wanangu salamu. Nawasikia na huu ubishi wenu, mmoja anasema bila jina kubwa kwenye cheti ndo basi tena umekwisha, mwingine anasema cheti makaratasi tu kazini wanaangalia mzigo, na wote mnaongea kwa uhakika utadhani mmeshaajiri watu elfu. Mimi kwenye meza ya usaili nimekaa upande wa wanaouliza miaka mingi, nimesoma masivii mpaka macho yakachoka, nivumilieni kidogo mzee wenu.

Jina la chuo lina uzito, tusidanganyane. Ila uzito wenyewe uko pale mwajiri asipokujua kabisa. Maombi yamejaa meza, nafasi mbili, anayechambua kapewa asubuhi moja tu na bosi anamsubiri, sasa mlitaka afanyeje? Anashika chochote cha kumpunguzia rundo, na jina la chuo liko pale juu linamwangalia. Mchumi Michael Spence alishaliandika hili mwaka 1973, na mwaka 2001 akapata Nobeli na wenzake wawili, kwamba mwajiri uwezo wako haoni, anachoona ni dalili za uwezo, na digrii ni mojawapo. Kwa hiyo ukikaa kazini miaka kadhaa ukawa na kazi za kuonyesha na mabosi wa kukusemea, ile dalili ya kwanza inaanza kupauka yenyewe. Mtu ana miaka kumi kazini bado kila kikao anaanza na "sisi tuliosoma pale"... jamani.

Sasa wale wa "cheti makaratasi", msishangilie bado. Marekani kuna watafiti wawili, Stacy Dale na Alan Krueger, mwaka 2002 walitoa utafiti ambao mi naupenda kwa sababu haukulinganisha kijinga. Maana ukichukua tu waliosoma vyuo vikubwa na waliosoma vya kawaida, wa vyuo vikubwa watashinda, si walichaguliwa wakiwa wakali tayari? Wao wakatafuta watu walioomba vyuo vya aina moja na kukubaliwa sawa, afu wengine wakaenda kwenye jina na wengine wakaenda kwingine. Miaka ikapita, vipato vikawa karibu vinalingana. Kumbe kilichokuwa kinalipa ni mtu mwenyewe. Lakini kuna kipande wengi wanakiruka, kwa waliotoka familia za kipato kidogo chuo kigumu kuingia kiliwasaidia kweli. Na mwaka 2023 Raj Chetty, David Deming na John Friedman wakaangalia vyuo 12 vya juu kabisa vya huko huko, wakakuta kwa wastani wa kipato tofauti si kubwa, ila kufika kwenye ile asilimia 1 ya wanaolipwa zaidi na kuingia makampuni ya hadhi, hapo chuo kilibeba.

Mi nikiunganisha naona kitu kimoja, kujuana. Mtoto wa mkubwa hata asome wapi simu ya baba ipo. Asiye na simu hiyo chuo ndo kinampa watu. Kama chuo chako hakikukupa basi inabidi uwatafute mwenyewe, fildi ulikofanya, msimamizi wako pale, mwenzio wa darasa aliyetangulia kazini, na hii ni kazi kama kazi nyingine, haina aibu.

Halafu kuna swali hamliulizi kabisa na ndo lenye hatari, chuo kinatambuliwa? Kwa daktari, mwanasheria, mhandisi, bodi inayokusajili kufanya hiyo kazi haina habari na umaarufu. Wahandisi wana makubaliano ya Washington tangu 1989, nchi wanachama zinatambuliana programu zilizopata ithibati, yaani zilizokaguliwa zikaonekana zinafaa, na kama yako haimo utazunguka sana hata kama majengo ya chuo yalikuwa yanang'aa. Na vyuo hewa vipo. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilianika kampuni moja ya Karachi, Axact, iliyokuwa inauza digrii za vyuo ambavyo havipo popote isipokuwa kwenye intaneti.

Tukirudi kwenye jina, waajiri wengine nao wameshtuka kwamba linaweza kuwapotosha. Deloitte ya Uingereza, kampuni kubwa ya ukaguzi wa hesabu na ushauri, mwaka huo huo 2015 ilitangaza wanaosaili hawataonyeshwa mwombaji kasoma wapi. Sio wote wanafanya hivyo, msijipe moyo kupita kiasi. Ila we uliyesoma chuo kisichojulikana ukiingia kwenye usaili usianze kukiombea radhi, nimeona vijana wazuri wakijimaliza hapo, swali limeulizwa la kazi yeye anajitetea habari za chuo.

Na wewe uliyeniuliza kama ukope ukasome masta kwenye chuo cha jina ili kufuta jina la chuo chako cha kwanza, subiri kwanza. Tafuta watu wanaofanya ile kazi unayoitaka, sio maprofesa, wanaoifanya, waulize waliingiaje na nani aliwapokea. Wakikwambia wengi wao ni masta ya chuo fulani, haya kakope. Wakikwambia vingine, hela ya mkopo usiichukue, na majibu yao niletee tuyaangalie pamoja.