Kuhusu ule mkoba

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo, na nyumbani wote ni wazima. Picha ulizonitumia nimezipata, na nimezirudia zaidi ya mara moja. Mkoba ni mzuri, sikufichi. Umeniuliza uuagize, nao ni kopi ya mkoba wa kifahari, au uuache. Nimeona nikuandikie kwa kirefu, maana jambo hili lilishanikuta.

Kutamani kitu kizuri si kosa, mwenzangu. Birkin, ule mkoba wa kampuni ya Kifaransa ya Hermès, ilianza kutengenezwa mwaka 1984, na hadi leo ukiiona mkononi mwa mtu jicho linaifuata lenyewe. Bei yake haishikiki, na hata mwenye fedha haendi dukani akaondoka nayo siku anayotaka. Basi akitokea mtu kwenye simu akakuapia kwamba kopi yake hata fundi haitambui, moyo unakubali mapema. Wangu ulikubali.

Kilichonifikia sicho nilichoonyeshwa. Picha ilikuwa ya mkoba orijino. Wangu ulifanana nao kwa mbali tu. Nilipoufungua, harufu ya gundi ilinijaa puani, na nikauanika dirishani wiki nzima bila kuisha. Mshono wa mpini ulianza vizuri, ukifika kwenye kona unabanana, matundu mawili yameungana kuwa moja. Baada ya miezi michache rangi ya kingo ikaanza kubanduka, na ile dhahabu ya zipu ikawa kijivu. Muuzaji alitaka nimtumie fedha moja kwa moja, nami nikatuma. Nilipomtafuta, akaunti yake ilikuwa imeshafutwa.

Hapo ndipo nikaanza kuuliza mshono mzuri unashonwaje. Hermès wana mshono waliourithi kwenye kazi ya matandiko ya farasi: uzi mmoja wa kitani uliopakwa nta, sindano mbili, moja kila ncha, na zote mbili zinapita kwenye tundu lile lile, moja ikitoka huku na nyingine kule. Uzi ukikatika mahali pamoja, mishono mingine bado inashika. Wa cherehani ukikatika huanza kufumuka. Nilipolijua hilo nikaelewa kwamba nilichokitamani miaka yote ni mkono wa fundi, na nembo peke yake haiwezi kunipa huo mkono.

Sisemi kopi zote ni takataka. Zipo zilizotengenezwa kwa ustadi mkubwa, nazo bei yake si ndogo. Ila huwezi kuiuza kama orijino bila kumtapeli mwenzako, wala huna njia ya kujua aliyeishona alilipwa nini. Tena kuna safari: Ufaransa, forodha wanaweza kukunyang'anya mkoba feki na kukutoza faini hata kama ni wa matumizi yako, na Italia anayenunua naye hutozwa. Kuigwa kwenyewe ni kwa zamani sana. Mwaka 1896 Georges Vuitton, mwana wa Louis Vuitton aliyeanzisha kampuni ya mikoba yenye jina hilo, alibuni ule mchoro wa herufi na maua ili kuwazuia walioiga kazi yao, na leo ni miongoni mwa michoro inayoigwa sana!

Lililoniuma zaidi ni hili. Siku moja rafiki aliusifu mkoba wangu, akanyoosha mkono aushike. Nikaubana kwapani. Sijawahi kumnyima mtu kushika kitu changu, Rehema. Toka siku ile haujatoka kabatini.

Kama roho yako iko kwa Louis Vuitton, tafuta orijino iliyokwishatumika, kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa mzigo. Mipini yao mingi ni ya ngozi isiyopakwa rangi, na kadiri inavyoshikwa ndivyo inavyoiva, ikawa na rangi ya asali. Mimi naiona ni mizuri kuliko mipya. Mwambie muuzaji apige picha ya pale mpini unaposhonewa kwenye mkoba, kwa karibu, mchana, na karatasi yenye jina lako iwe pembeni. Akikataa, usilipe. Akikubali, nitumie hiyo picha usiku huohuo, tuuhesabu mshono pamoja.

Wako akupendaye,
Zuhura